Steno na Kichwa cha Papa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu ambaye aliuliza swali moja mbele ya kichwa cha papa, na swali hilo likabadilisha jinsi binadamu wanavyoiangalia ardhi wanayoikanyaga.

Sisi wa pwani papa tunamjua sana, lakini tunamjua kwenye sufuria. Papa mkavu akichomwa, mtaa mzima unajua. Mvuvi akileta papa mbichi, watoto hukimbilia kichwa kuangalia meno, kisha kila mtu huenda zake. Mtu ninayemsimulia hakwenda zake. Jina lake la nyumbani ni Niels Stensen, mtu wa Denmark, ila wasomi wa dunia wanamjua zaidi kwa jina lake la Kilatini, Nicolaus Steno.

Kabla sijaanza, niwaambie kwa nini nimemchagua huyu na si mwanasoka au mwanasiasa. Mwaka jana, muhula wa pili, nilikaa nyumbani wiki saba kwa sababu ya karo. Sikutaka kukaa bure, kwa hivyo nikawa nafuatana na baba timboni anakochimba mawe ya kujengea. Siku moja, chini kabisa ya timbo, kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, sururu ya baba ilipasua jiwe, na ndani yake tukaona kombe. Kombe kamili, lenye mistari yake, limekwama ndani ya jiwe kama kokwa ndani ya embe. Nilimuuliza baba liliingiaje. Akasema ameyaona mengi tangu ujana wake na hajawahi kupata jibu.

Niliporudi shuleni nilibeba lile jiwe na kuwaambia wenzangu kwamba mahali pale pa timbo zamani palikuwa chini ya bahari. Wacha wacheke! Mmoja alisema kombe liliachwa na vibarua waliokula mchana. Nikabandikwa jina, Profesa wa Kokoto. Nilitia jiwe mkobani na sikulitoa tena, mpaka siku mwalimu wetu wa Jiografia alipotaja jina la Steno. Kumbe kicheko kama kile ni cha zamani sana.

Basi, Steno alizaliwa mjini Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwezi wa Januari mwaka wa 1638. Babake alikuwa sonara, na mmoja wa wateja wake alikuwa Mfalme Christian wa Nne. Lakini usidhani mtoto alilelewa kwa raha. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua, akakaa ndani hadi alipofika sita hivi. Hakucheza na wenzake. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu wazima na kusikiliza mazungumzo yao. Haukupita muda babake akafariki.

Alipokuwa mwanafunzi, tauni iliingia Copenhagen katika mwaka wa 1654 na 1655, na wanafunzi wengi wa shule yake wakafa. Mwaka wa 1656 alijiunga na chuo kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Hata huko hakupata utulivu, manake mwaka wa 1658 jeshi la Uswidi liliuzingira mji, na wanafunzi wakaitwa kusaidia kulinda kuta. Mwaka wa 1659, mji ukiwa bado umezingirwa, Steno alikuwa akijaza daftari kwa mambo aliyoyasoma: dawa, nyota, theluji, mawe na viumbe. Daftari hilo lipo hadi leo. Nilipofika hapo nilizikumbuka wiki zangu saba za timboni, nikaona kwamba mtu anaweza kutolewa darasani lakini akili yake ikabaki inasoma.

Mwaka wa 1660 Steno alisafiri hadi Amsterdam, Uholanzi. Huko alinunua kichwa cha kondoo, akakipasua peke yake, na kisu chake kikaingia kwenye mrija ambao hakuusoma katika kitabu chochote. Ulikuwa mrija wa mate unaotoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio na kufunguka ndani ya shavu. Msomaji, wewe pia unao. Pitisha ulimi wako ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, utakuta kijivimbe kidogo. Ukisikia harufu ya pilau na mdomo ukajaa maji, mengine ya maji hayo yanapitia hapo. Mwalimu aliyekuwa akimfundisha, Gerard Blasius, alidai kwamba mrija huo aliuvumbua yeye, wakabishana kwa maandishi muda mrefu. Lakini Blasius alishindwa kueleza vizuri unaanzia wapi na unaishia wapi, na leo madaktari wa dunia nzima wanauita mrija wa Stensen.

Baadaye, katika mji wa Leiden, Steno alichunguza moyo. Siku hizo wasomi wengi waliamini kwamba moyo ni kiti cha roho au jiko la joto la mwili. Steno aliupasua, akafuata nyuzi zake moja moja, na akasema moyo ni msuli tu kama misuli mingine. Mwaka wa 1665, mjini Paris, alisimama mbele ya wasomi kueleza habari za ubongo. Mtu mwingine angeanza kwa majivuno. Yeye alianza kwa kukiri kwamba kuhusu ubongo yeye hajui lolote, kisha akaonyesha makosa katika maelezo ya Descartes, mwanafalsafa aliyekuwa akiheshimiwa kote Ulaya. Hebu fikiria kijana wa miaka 27 akisema hadharani kwamba hajui! Sisi hapa mtu akiulizwa swali na mwalimu afadhali abuni jibu.

Kutoka Ufaransa alikwenda Italia, akafika Florence mwaka wa 1666. Mtawala wa nchi ile ya Toscana, Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici, alipenda elimu, akampokea na kumpa nafasi ya kufanya kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, wavuvi karibu na bandari ya Livorno walimvua papa mkubwa ajabu. Alikuwa papa mweupe, yule ambaye akikomaa anaweza kufikia urefu wa mita sita. Habari zilipomfikia mtawala aliamuru kichwa kipelekwe Florence, na Steno ndiye aliyepewa kukipasua mbele ya wasomi.

Aliangalia kila kitu. Aliona ubongo mdogo kwa kichwa kikubwa namna ile. Aliona vitundu vingi kwenye ngozi ya pua. Aliona kwamba meno yamepangwa safu nyuma ya safu, na yale ya ndani yalikuwa laini bado, yamefunikwa na ufizi. Alipoyashika meno yenyewe, akakumbuka vitu fulani ambavyo watu wa Ulaya walikuwa wakivivaa shingoni.

Vitu hivyo viliitwa mawe ya ndimi. Vilikuwa vijiwe vya pembetatu, vyenye makali, vilivyochimbwa ardhini sehemu nyingi, na hasa katika kisiwa cha Malta. Mwandishi wa kale wa Roma, Pliny, aliandika kwamba huanguka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Watu wa Malta nao walisimulia kwamba ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe tangu Mtume Paulo aliponusurika na nyoka kisiwani humo. Matajiri walivitia kwenye vikombe vyao wakiamini vinazuia sumu. Wengine, tena wasomi wakubwa, walisema vinaota tu ardhini vyenyewe, ati mwamba una nguvu ya kuunda maumbo kama ya viumbe.

Nisije nikamsifu Steno kupita kiasi. Hakuwa wa kwanza kusema kwamba mawe hayo ni meno ya papa. Mwitalia Fabio Colonna alikwisha kuandika hivyo mwaka wa 1616. Lakini watu wengi hawakukubali, kwa sababu swali gumu lilibaki palepale: meno ya samaki yaliingiaje ndani ya mwamba, mlimani, mbali na bahari? Swali hilo ndilo langu na baba kule timboni.

Steno alilijibu hatua kwa hatua katika kitabu alichotoa mwaka wa 1667. Aliandika kwanza yale aliyoyaona, kisha pembeni yale anayoyadhania, wala hakuyachanganya. Alisema hivi kwa maana. Kama mawe haya yanaota ardhini, yangelazimika kuusukuma na kuupasua mwamba unaoyazunguka, kama vile mzizi wa mti unavyopasua ukuta. Lakini mwamba haukupasuka. Kwa hiyo jino lilikuwapo kwanza, na udongo ukalifunika ukiwa bado laini. Udongo laini huo ulitoka wapi? Ulikuwa tope lililotua chini ya maji, tabaka kwa tabaka, kisha likawa gumu. Basi nchi iliyo kavu leo zamani ilikuwa chini ya bahari. Na hata baada ya kueleza vizuri hivyo, alisema wazi kwamba hayo ni makisio yake na kwamba wengine wanaweza kuwa na hoja.

Kwa miaka miwili iliyofuata alitembea milima na machimbo ya Toscana akiangalia mawe. Mwaka wa 1669 akatoa kitabu kingine kidogo, na humo ndimo zimo kanuni ambazo bado tunazisoma katika Jiografia. Tabaka lililo chini lilitangulia kutua kuliko la juu yake. Matabaka hutua yakiwa yamelala sawasawa, kwa hivyo ukiyaona yameinama au yamesimama, ujue kuna jambo lililoyasukuma baadaye. Leo tunaona ni mambo ya kawaida, kama kusema gazeti la Jumatatu liko chini ya la Jumanne kwenye rundo. Lakini kabla yake hakuna aliyeyapanga vizuri hivyo. Kwa kanuni hizo mwamba ukawa kama kitabu, na watu wakaanza kuusoma ukurasa kwa ukurasa.

Sasa nitoke kidogo kwa Steno niwaonyeshe mbegu aliyoipanda ilivyomea. Siku hizi tunajua kwamba mifupa ya papa si mifupa, ni gegedu, kama ile ya sikio lako. Gegedu huoza upesi, ndiyo maana katika mwamba hubaki meno zaidi kuliko kitu kingine. Tena papa hung'oka meno maisha yake yote, na zile safu za ndani alizoziona Steno husogea mbele kuchukua nafasi. Papa mmoja anaweza kumaliza maelfu ya meno.

Baadhi ya yale mawe ya ndimi makubwa ya Malta yalikuwa meno ya papa ambaye hayupo tena duniani, anayeitwa megalodoni. Jino lake moja linaweza kupita sentimita 16, yaani linajaza kiganja cha mtu mzima. Kwa kuwa gegedu lake halikubaki zima, wataalamu wanabishana kuhusu urefu wake. Wengi wanakadiria kati ya mita 15 na 20, na wengine zaidi ya hapo. Alitoweka miaka milioni tatu na nusu hivi iliyopita. Papa mkubwa kuliko wote walio hai leo ni yule wetu wa Bahari ya Hindi tunayemwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake, na huyo ni mpole, chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo.

Vile vitundu vya puani navyo vilielezwa zaidi mwaka wa 1678 na Stefano Lorenzini, Mwitalia, na vikaitwa kwa jina lake. Ilichukua hadi karne ya 20 kujulikana kwamba kwa vitundu hivyo papa huhisi umeme mdogo unaotoka kwenye mwili wa samaki aliyejificha mchangani. Na mwaka wa 2016 watafiti wa chuo kikuu kilekile cha Copenhagen alikosoma Steno walitangaza kwamba papa wa Greenland, anayeishi kwenye maji ya baridi kali, huishi karne kadhaa. Jike mmoja wa mita tano alikadiriwa kuwa na miaka 392, ingawa walisema hesabu hiyo inaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 120. Huenda basi kuna papa anayeogelea hivi sasa ambaye alizaliwa Steno akiwa bado hai. Niliposoma hayo kitabu kilinianguka mkononi, si utani.

Turudi kwa mwenyewe. Kinachofuata ndicho kilichotugawanya katika mkutano wa chama chetu nilipowasomea habari hizi. Steno alilelewa katika dini ya Kilutheri. Mwaka wa 1667, mwaka uleule wa kitabu cha papa, aliingia Ukatoliki. Mwaka wa 1672 alirudi Copenhagen kufundisha habari za viungo vya mwili, lakini hakukaa sana, akarejea Florence. Mwaka wa 1675 akawa padre, na mwaka wa 1677 akafanywa askofu na kutumwa kaskazini mwa Ujerumani, ambako Wakatoliki walikuwa wachache. Kile kitabu kidogo cha mwaka wa 1669 kilikuwa utangulizi tu wa kitabu kikubwa alichoahidi. Kitabu kikubwa hakikuja kamwe.

Wenzangu wengine walisema alipoteza kipaji, kwamba mtu aliyeanza kuusoma mwamba asingeacha ukurasa wa kwanza. Wengine walisema alichagua alichokiona bora na hakuna wa kumlaumu. Mimi siku hiyo nilikuwa upande wa wale wa kwanza, kwa hasira hasa. Lakini nilipoendelea kusoma nilipunguza. Huko Ujerumani aliishi maisha ya dhiki. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu ili asaidie maskini. Mjini Münster alipoona uchaguzi wa askofu mpya haukwenda kwa haki, aliondoka badala ya kunyamaza. Alifunga sana, akadhoofika, na mwisho wa mwaka wa 1686 akaaga dunia katika mji wa Schwerin akiwa na miaka 48 tu. Mwili wake ulipelekwa Florence, ukazikwa katika kanisa la San Lorenzo. Mwaka wa 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri. Jamani, hapo Papa ni kiongozi wa Kanisa, si yule wa Livorno!

Bado naumia kwamba kitabu kikubwa hakikuandikwa. Lakini naona ni mtu yuleyule mwanzo hadi mwisho. Aliyekataa kusema kwamba anaujua ubongo kumbe hajui, ndiye aliyekataa kukaa Münster akijifanya haoni.

Muhula uliopita tulizuru Fort Jesus, Mombasa. Mwaka wa 1666 Steno alipokuwa akipasua kichwa cha papa, Wareno walikuwa bado ndani ya ngome ile. Wenzangu walipiga picha mizinga, mimi nikaenda kuangalia kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kazi ya viumbe wa baharini. Mwalimu alitueleza kwamba mwamba huu wa pwani yetu ulikua wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kwa hivyo nyumba zetu nyingi, na pengine hata darasa unamosomea jarida hili, zimejengwa kwa kilichokuwa bahari. Yule aliyesema kombe liliachwa na vibarua alikuwa amesimama karibu nami. Hakusema kitu, lakini alipapasa ukuta muda mrefu.

Jiwe langu sasa liko kwenye dirisha la maabara, na mwenye kutaka kuliona anakaribishwa. Nilimpelekea baba habari hizi zote jioni moja, nikamweleza tope, matabaka na meno ya papa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alirudi kutoka timboni na makombe mengine manne ndani ya mfuko wa simiti, na kila moja amekumbuka lilitoka kina gani.